Vibano Vinne vya Mzee Shaba

Mlangoni pa chumba cha chini palikuwa na sahani ya plastiki, na kila aliyetaka kuingia aliacha humo chuma chote alichokuwa nacho mwilini: funguo, saa, mkanda, kalamu yenye kibanio, pini za nywele. Aliyesimamia sahani hiyo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi mmoja mrefu, mwembamba, mwenye magoti mabovu na mikono isiyotetemeka. Watu wa jengo lile walimwita Mzee Shaba, kwa kuwa kila alichokitengeneza kilikuwa cha shaba, na kwa kuwa, walisema, ukimgonga kichwani atalia kama kengele. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Jina la utani ni kama koti la kuazimwa. Ukilikataa utaletewa baya zaidi.

Hakumbagua mtu. Siku moja alikuja mgeni mkubwa wa serikali, na msafara wake nyuma, kutazama kazi inayofanyika pale.

"Mheshimiwa, mkanda," akasema Mzee Shaba.

"Nikiuvua, suruali itaanguka."

"Utaishika kwa mkono mmoja. Wa pili uweke mgongoni, maana humo ndani hatugusi kitu."

Mheshimiwa akaingia ameishika suruali, akatoka ameishika suruali, na hotuba aliyokuwa ameiandaa ikawa fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Humo ndani hamkuwa na cha kushangaza macho. Palikuwa na kasha la metali lenye matabaka matano, moja ndani ya jingine kama sufuria za dukani, ambalo kazi yake ilikuwa kuzuia sumaku ya nje isipenye. Katikati ya kasha vilikaa vikombe viwili vya kioo, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kidogo kama kikombe cha kahawa, kimezibwa na kujazwa mvuke wa zebaki. Vilishikiliwa na vibano vinne vya shaba. Ni hayo tu. Kwa ajili ya vikombe viwili watu wazima walikuwa wamemaliza ujana wao chini ya ngazi, mahali ambapo wenye akili za kawaida wangeweka mafagio.

Mkuu wa kazi ile alikuwa Profesa, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza kumpokea fundi wake alimweleza mambo kwa kutumia pia ya mti, ile wanayochezea watoto. Aliizungusha juu ya meza.

"Unaona inavyoyumba? Kichwa chake kinachora duara. Zebaki nayo, kila chembe yake, inayumba hivi ndani ya sumaku dhaifu. Sasa tunawasha umeme mkali kuelekea juu, tunahesabu mayumbo. Tunaugeuza uelekee chini, tunahesabu tena. Hesabu zikilingana, hakuna jipya. Zikipishana hata kidogo, basi maumbile yana upande yanaoupendelea. Tungeanza kuelewa kwa nini ulimwengu una vitu ndani yake, mawe na watu na ng'ombe, badala ya kuwa mwanga mtupu."

"Kwa zebaki hii?"

"Kwa hii hii. Na liko jingine. Wapo wataalamu wanaoamini kila chembe tunayoijua ina mwenzake mzito ambaye hajapata kuonekana. Wenye uwezo wamejenga mitambo ya kilomita nyingi, wanagonganisha chembe kwa nguvu wapate kumfumania huyo mwenzake. Sisi kilomita hatuna. Lakini kama wenza hao wapo, lazima wataigusa hata zebaki iliyotulia kikombeni, waiyumbishe isivyopaswa. Wenzetu wanabomoa mlango. Sisi tumeweka sikio ukutani."

Mzee Shaba aliitazama pia mpaka ikalala. Kisha akasema, "Basi hapo punje ya chuma ndogo kuliko chawa inatosha kutudanganya."

Profesa akaiokota pia. "Wahandisi watatu wameketi hapo ulipoketi," akasema. "Hakuna aliyeliona hilo bila kuambiwa. Anza Jumatatu."

Hilo la usahihi hakulitoa mbali. Baba yake alikuwa mtengeneza mizani. Kila mizani iliyopita mikononi mwake alipiga chapa jina la familia chini ya sahani, na haikupata kutokea hata mara moja mtu akairudisha akidai inapunja. Shamba hawakurithi, nyumba hawakurithi. Walichorithi ni lile jina, nao walilitunza kama watu wengine wanavyotunza hati za ardhi. Mkewe aliolewa katika jina hilo akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na katika miaka yote hiyo hakuruhusu mtoto wake hata mmoja atoke nje na kifungo kilicholegea.

Kazi ya shaba ilikuwa na adabu zake. Kisu cha mashine na tupa ni vya chuma, na vikipita juu ya shaba huacha humo vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho. Kwa hiyo kila kipande kikishakatwa na kusuguliwa, kililazwa dakika ishirini ndani ya tindikali, ambayo hula lile vumbi na kuiacha shaba. Baadaye fundi aliandika katika kitabu cha karakana: tarehe, jina la kipande, neno "kimeoshwa", na sahihi. Kitabu hicho kilikuwa na jalada la kijani, na hakuna aliyewahi kukihoji. Daktari, binti mtafiti aliyekuja kusaidia hesabu, alizoea kusema kwamba mashine zote za jengo lile zinahitaji kupimwa isipokuwa Mzee Shaba.

Adabu ya pili ilikuwa ya Profesa. Alijua kwamba mtu akijua jibu analolitaka, jicho lake litamsaidia kulipata. Ndiyo maana kompyuta ilikuwa imechagua namba moja ya siri na kuiongeza katika kila kipimo. Namba hiyo ilichapwa mara moja tu, ikatiwa katika bahasha, bahasha ikapigwa lakiri na kufungiwa katika sefu ya mkuu wa kitivo. Kwa miezi kumi na minne walikuwa wakipima na kukokotoa huku wamefumbwa macho, bila kujua kama walichokipata ni sifuri au ni ajabu ya karne. Siku ya kufungua bahasha ingefika pale tu kila mmoja wao atakapotia sahihi kwamba hajui dosari yoyote iliyobaki. Dosari ikisemwa kabla ya bahasha, ni kazi. Ikisemwa baada ya bahasha, ni kujipendekezea jibu. Na hakuna msomi popote atakayekuamini tena.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Wote walikuwa wamechoka, na uchovu wao haukuwa wa kulala ukaamka umepona. Profesa alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Vitabu vyake vilikwisha kuingia maboksini. Daktari alikuwa amekonda mpaka pete yake aliivaa kwenye kidole gumba, nayo aliivua kila siku mlangoni. Kundi jingine, la nchi nyingine, lilikuwa linapima kitu kilekile, na ilisemekana nao wako karibu. Mzee Shaba alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kushuka zile ngazi kumi na nane alikuwa akishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu hivyo magoti yaliuma kidogo.

"Mzee wangu," Daktari akamwambia asubuhi hiyo, "ninakuomba kazi ya kitoto. Nitolee kwenye kitabu chako tarehe za vipande vyote vilivyoko ndani ya kasha. Tutaziweka mwishoni mwa makala."

"Kazi ya kitoto si ndiyo mnayowapa wazee?"

"Wazee wenye mwandiko mzuri tu. Wengine tunawapa mafagio."

Akachukua kitabu, akavaa miwani, akaanza kunakili. Alifika kwenye ukurasa wa vibano vinne, akaandika tarehe, kisha kalamu ikasimama.

Tarehe ile aliijua. Ndiyo siku mama yake alipoanguka.

Akairudisha siku hiyo kichwani polepole. Alikuwa amemaliza kusugua vibano kama saa tisa alasiri. Viko kwenye trei, vinne, vimepangwa. Alivuta kitabu akaandika. Sasa hapa ndipo penye shida, jambo dogo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuwahi kuliona kuwa jambo: yeye huandika kwanza, ndipo huosha. Baada ya kuosha mikono huwa na maji na tindikali, na ukurasa ungeharibika. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili alitia sahihi mikono ikiwa mikavu, ndipo akavaa glavu. Sahihi ilikuwa ahadi, na ahadi ilitimizwa dakika ileile. Siku ile alipoinua tu kalamu, simu iliita. Alikuwa dada yake. Mama kaanguka bafuni, hasemi, njoo.

Alirudi kazini baada ya siku kumi na mbili, mama amezikwa. Trei ilikuwa mezani. Alifungua kitabu, akaona "vimeoshwa", akaona sahihi yake, akaiamini. Akavichukua vibano akavifunga.

Au alikuwa ameviosha kabla ya kukimbia? Alijaribu kuikumbuka harufu ya tindikali siku ile. Alijaribu kuikumbuka glavu. Alichokumbuka ni sauti ya dada yake tu, na jinsi alivyopanda zile ngazi mbili mbili, kwa magoti ambayo siku hiyo hayakuuma.

Akamaliza kunakili. Akampelekea Daktari karatasi. Daktari akasema ahsante, akaiweka chini ya kikombe cha chai.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mkewe alikuwa barazani akisahihisha insha za mjukuu wa jirani, kwa kalamu nyekundu ambayo kustaafu hakukumwondolea. Alimtazama mumewe akivua viatu, akaiweka kalamu chini.

"Sema."

Akasema yote. Mkewe alisikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza wazazi ofisini, bila kuingilia.

"Uliosha au hukuosha?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema nimeosha."

"Basi umekuwa shahidi wa kukipinga kitabu chako mwenyewe?"

"Kitabu kimeandikwa kabla."

"Nani anajua hilo?"

Alikuwa akikanda goti.

"Sikiliza, mume wangu," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu. "Mtu hukiri alichokifanya. Hakiri asichokikumbuka. Ulikuwa unakwenda kumzika mama. Vile vibano pengine ni safi kama meno ya mtoto. Ukienda kusema, wataufungua mtambo, watapoteza mwaka na zaidi, yule mama atastaafu mikono mitupu, na watakapouliza ni nani, jibu litakuwa jina letu. Miaka ishirini na miwili wamekuandika katika makala zao mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Hata mara moja. Na siku watakayokuandika iwe hiyo?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na haifai kumlaumu. Mwanamke aliyelinda jina la nyumba kwa miaka thelathini na mitano halitoi kwa siku moja kwa ajili ya vumbi ambalo pengine halipo. Mzee Shaba mwenyewe alitamani sana ashawishike. Alikunywa chai yake. Akala mkate. Akasema baadaye, kama mtu anayezungumza na sahani, "Ningekumbuka kwamba nimeviosha, ningenyamaza kwa raha. Sasa nitanyamaza kwa nini?"

"Kwa kuchoka," mkewe akasema. "Watu hunyamaza kwa kuchoka kila siku, na dunia inakwenda."

Alinyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili. Kazini hakukuwa na la kufanya ila kusubiri, na kusubiri kulimchosha kuliko kukereza. Alifagia karakana iliyokuwa safi. Alipanga skrubu kwa urefu, kisha akazipanga kwa unene. Kila alipopita mbele ya kasha, aliviona vile vibano kama anavyovijua, kuta tano ndani, vikiwa vimetulia. Au havikutulia. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi, kwa sababu aliyajua mambo yale kuliko walivyodhani. Umeme unapogeuzwa, vibano husogea, sogeo la kadiri ya pumzi ya sisimizi. Shaba safi ikisogea, hakuna neno. Shaba yenye punje ya chuma ikisogea, sumaku ndani ya kikombe inabadilika. Nayo inabadilika sawia na umeme, kila mara, kwa utii. Yaani punje ile ingetoa jibu lilelile ambalo Profesa amelitafuta maisha yake yote. Namba ya siri isingewaokoa. Wangefungua bahasha, wangeona ajabu, na wangefurahi.

Siku ya tatu asubuhi mkewe alimletea shati la kazi, lile lenye vifungo vya mbao. Alikuwa amelipiga pasi, jambo ambalo hakulifanya kwa shati la karakana.

"Bado naona unakosea," akasema. "Lakini ukisema, sema umesimama. Na radhi uombe mara moja. Ya pili ni kujidhalilisha."

Mkutano wa kutia sahihi uliitwa kabla ya wakati, siku hiyo hiyo saa nne, kwa sababu mkuu wa kitivo alikuwa na safari. Walikuwa watatu tu katika ofisi ya Profesa, katikati ya maboksi. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: sijui dosari yoyote ambayo haijashughulikiwa. Profesa alikwisha kutia sahihi. Daktari akatia. Kalamu ikasukumwa upande wa fundi.

Mzee Shaba akasimama. Ilimchukua muda, na Daktari akafikiri anatafuta miwani.

"Sitatia," akasema. "Vibano vinne vya vikombe, sina hakika kama niliviosha. Ilikuwa siku mama yangu alipoanguka. Nawaomba radhi."

Daktari akaanza kucheka, kicheko kidogo kikavu, kisha akakiacha.

"Lakini nimeona kitabu. Mimi mwenyewe nimeona, Mzee wangu. Umeandika vimeoshwa."

"Huwa naandika kwanza, ndipo naosha."

"Huwa?"

"Siku zote."

Aliona neno hilo likizama usoni mwa binti yule. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, wala si vibano. Vibano vilikuwa vinne. Neno "siku zote" lilikuwa kitabu kizima.

"Vipande mia moja na kumi na tatu," Daktari akasema polepole. "Vile vingine una hakika?"

"Vile vingine nakumbuka."

"Vyote?"

Mzee Shaba hakusema uongo. Akanyamaza.

"Miezi kumi na minne," Daktari akasema, akiitazama karatasi. "Nimeahirisha harusi mara mbili. Mchumba wangu anadhani zebaki ni jina la mwanamume. Na wewe unaniambia siku sita kabla."

"Nimekwambia kabla," Mzee Shaba akasema.

Profesa alikuwa amevua miwani na kuyafumba macho kwa vidole viwili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida. "Tukivifungua vibano, vizibo vya vikombe vitaachia, na hewa ikiingia, nta iliyopakwa ndani ya vikombe itaharibika. Hatutaweza kupima tena na hivi. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na mimi naondoka tarehe thelathini."

"Nalijua pia, Profesa."

Akavaa miwani. Akaichukua karatasi iliyokuwa na sahihi yake, akaikunja mara mbili, akaitia katika boksi la takataka. "Fungueni," akasema.

Walifungua siku mbili. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: kipande kinapitishwa kwanza karibu na sumaku kali, ili chuma chochote kilichojificha kiamke, kisha kinazungushwa taratibu chini ya kihisi cha sumaku, na mstari unachorwa kwenye kioo cha kompyuta. Mstari ukinyooka, ni shaba tupu. Mzee Shaba mwenyewe ndiye aliyeshika trei. Hawakumkataza, na yeye hakuomba.

Kibano cha kwanza, mstari ulinyooka. Cha pili ulinyooka. Daktari akamtazama kwa jicho ambalo lingeweza kuwa la huruma au la hasira. Kama vyote vinne ni safi, basi wamelibomoa jambo zima kwa ajili ya wasiwasi wa mzee. Cha tatu, mstari ulipanda, ukafanya kichuguu kidogo, ukashuka. Wakakirudia. Ukapanda palepale. Wakakigeuza. Kichuguu kikageuka nacho.

"Ni cha kikombe cha juu," Profesa akasema.

Cha nne kilinyooka.

Hakuna aliyempongeza wala aliyemlaumu. Palikuwa na kazi. Kwa kuwa sasa sahihi zote zilikuwa na mashaka, ilibidi kila kipande alichowahi kukitengeneza kwa kasha lile kitolewe na kupitishwa chini ya kihisi, kimoja kimoja, vyote mia moja na kumi na tatu. Kazi hiyo iliwachukua wiki tatu na nusu. Tarehe thelathini ikapita katikati yake. Walimfanyia Profesa tafrija fupi ya soda na biskuti ghorofa ya tatu, wakampa saa ya ukutani, na kesho yake asubuhi akashuka tena chini ya ngazi, akaweka funguo zake katika sahani, akavuta kiti. Ofisi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Alikula chakula chake cha mchana karakana, kwenye meza ya kukereza, miguu imeninginia kama ya mtoto.

Mzee Shaba alikileta kila kipande kwa mkono wake, na kila kipande kilikuwa kama mtoto wake anayepelekwa mbele ya hakimu. Arobaini, mstari umenyooka. Sabini, umenyooka. Siku nyingine aliketi baada ya kipande cha mwisho cha siku, akashindwa kuinuka, na Daktari akampa bega. Kipande cha mia na kumi na tatu kilikuwa pete ya kushikilia waya, aliyoitengeneza mwaka wake wa kwanza. Mstari ulinyooka.

"Kimoja," Daktari akasema. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. "Kimoja katika miaka ishirini na miwili. Mzee wangu, mimi hukosea zaidi ya hapo kabla ya chai."

Bila kufungua bahasha waliketi wakakubaliana la kufanya, na wakaliandika: vipimo vyote vya kikombe cha juu vitupwe. Nusu ya kazi. Wangebaki na kikombe cha chini peke yake, na jibu lolote ambalo wangelipata lingekuwa na ukungu mnene kuliko walivyokusudia. Kisha Mzee Shaba akatia sahihi yake, wa tatu, na Daktari akapanda kuifuata bahasha.

Profesa ndiye aliyeivunja lakiri. Ndani mlikuwa na karatasi ndogo yenye namba moja ya tarakimu saba. Daktari akaiingiza, akabonyeza, na kompyuta ikawaza kwa muda.

Ilikuwa sifuri. Hakuna upande unaopendelewa; au kama upo, ni mdogo kuliko wanavyoweza kuona. Wenza wazito wa chembe, kama wapo, hawakuigusa zebaki ile kwa namna ambayo watu wale watatu wangeweza kuijua.

"Naruhusiwa sasa kuangalia?" Daktari akauliza. "Na kikombe cha juu kikiwemo?"

"Sasa unaruhusiwa," Profesa akasema. "Jibu hilo halitachapwa."

Akabonyeza tena. Wakasogea wote watatu. Ilikuwa sifuri vilevile, ila safi zaidi, kali zaidi. Punje ile, kwa bahati yake ya kukaa pembeni, ilikuwa haijasogea vya kutosha kumdanganya mtu. Wangenyamaza, wangekuwa na kipimo bora kuliko vyote vilivyopata kufanywa popote.

Mzee Shaba akavua miwani. "Basi nimewaharibia bure," akasema.

Hakuomba radhi ya pili.

"Ulikuwa hujui," Profesa akasema. "Wala mimi sikujua. Tungeliamini jibu zuri bila sababu ya kuliamini." Alikuwa akiikunja bahasha tupu, akiinyoosha, akiikunja tena. Alionekana mzee sana. "Vikombe vipya vitachukua muda gani?"

"Miezi minane. Kumi, kwa magoti haya."

"Daktari atakuwa mkuu hapa. Mimi nitakuja Jumanne na Alhamisi, kama mtaniruhusu kupita mlangoni."

"Ukiacha funguo," akasema Mzee Shaba.

Kundi la ng'ambo lilichapisha sifuri yake miezi miwili baadaye, kali kuliko ya akina Mzee Shaba. Makala ya kina Profesa ilitoka baada ya hiyo, na haikutajwa sana. Nakala moja Mzee Shaba aliipeleka nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, akamkabidhi mkewe kabla hata ya kuvua viatu. Mkewe akaketi mezani, akavaa miwani, akasoma kama anavyosoma mtu aliyefundisha kusoma, kutoka neno la kwanza, na asichokielewa akakiruka bila aibu. Mstari ulikuwa ukurasa wa sita. Ulisema kwamba vipimo vya kikombe cha juu vimeondolewa kabla ya kufunguliwa kwa namba ya siri, baada ya fundi wa maabara kuripoti mwenyewe kwamba kibano kimoja huenda hakikuoshwa. Jina lilikuwa pale, kamili, lake na la baba yake.

Aliusoma mara mbili. Mzee Shaba alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akisubiri kama mwanafunzi.

"Wameliandika vizuri jina," mkewe akasema mwishowe. "Sikudhani wangeliandika vizuri."

"Nililiandika mimi kwenye karatasi, Daktari akanakili."

"Hapa wamesema 'mwenyewe'."

"Hilo neno aliliweka Profesa. Daktari alitaka kulikata, makala ilikuwa ndefu."

Mkewe akaifunga ile nakala, akaisawazisha kingo kwa viganja vyote viwili. Bado aliona kwamba wangeweza kunyamaza. Hakulisema tena. Alikwenda kwenye kabati lenye vyeti vya watoto, akalifungua, akasogeza kimoja kushoto na kingine kulia, akaiingiza makala pale katikati. Kisha akauliza kama maji yamepoa, na Mzee Shaba akasema yamepoa kidogo, na mkewe akaenda kumwongezea.